Kete 64 za bao na historia ya sharti la usawa

Ubishi ulianzia Nanganga, njia panda ya kwenda Ruangwa, chini ya mwembe. Mzee mmoja alikuwa akicheza bao kwenye simu ya kijana aliyeiandika programu hiyo mwenyewe. Katikati ya mchezo akanyamaza, akaanza kugusa kioo shimo kwa shimo, midomo ikimchezacheza.

"Mjukuu wangu, hapa zipo sitini na tatu. Moja umeipeleka wapi?"

Kijana akakataa katakata. Wakahesabu pamoja. Zilikuwa 63.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye shimo liitwalo nyumba, mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua. Kete zinazoliwa hazitoki mchezoni. Huzungushwa upande wa aliyekula. Kwa hiyo hata mkifika awamu ya mtaji, kete za mkononi zikiisha, jumla ni 64 ileile. Wazee wanaijua kwa vidole.

Waandishi wa programu nao wana sharti la namna hiyo, sharti la usawa. Thamani inayotarajiwa huwekwa kando ya iliyopatikana. Zisipolingana, programu husimama papo hapo na kutoa taarifa.

Chimbuko lake linanirudisha Cambridge, Uingereza, Juni 24, 1949. Mwanahisabati Alan Turing alisimama kueleza namna ya kukagua programu ndefu. Alitumia mfano wa mtoto wa shule: kujumlisha namba kubwa kadhaa. Ukimpa mkaguzi jibu peke yake, itambidi afanye hesabu yote upya. Ukimwonyesha na zile tarakimu zinazochukuliwa kwenda safu inayofuata, kila safu inaweza kukaguliwa peke yake, hata na mtu tofauti. Mwandishi wa programu naye, alisema Turing, aseme katika kila hatua kitu gani lazima kiwe kweli.

Maurice Wilkes, aliyekuwepo, alisimulia baadaye kwamba Turing aliandika namba ubaoni kinyumenyume, mamoja yakiwa kushoto, kama zilivyokaa ndani ya kompyuta ya Manchester. Wasikilizaji wakapotea. Mada ilipochapwa ikajaa makosa ya chapa, na haikunyooshwa hadi 1984, F. L. Morris na C. B. Jones walipoisahihisha mstari kwa mstari. Turing alikuwa amefariki miaka 30 kabla. Inaniuma kwamba maneno ya thamani hiyo yalikaa muda wote huo yakiwa na makosa ambayo ukaguzi wa saa moja ungeyaona.

Mwaka uleule wa 1949, Waingereza walikuwa wakifyeka pori la Nachingwea, Tanganyika, kupanda karanga. Lengo la mpango mzima, uliovuka mipaka ya Tanganyika, lilizidi ekari milioni 3. Januari 1951 Serikali yao iliuacha, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Kilichotarajiwa na kilichovunwa havikulinganishwa mapema.

Wanasayansi wa kompyuta Floyd, mwaka 1967, na Hoare, mwaka 1969, waliipa fikra ya Turing msingi wa kihisabati. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, wakaandika JUnit, zana ya kujaribia programu, na kulinganisha thamani kukawa kazi ya kila siku.

Bao lenyewe liliingia maabara kwa mikono ya wageni. Mholanzi Alex de Voogt alichunguza mafundi wa Zanzibar; wenzake wa Maastricht wakaandika kuhusu kuliprogramu mwaka 2002. Sisi tumeliachia vibaraza, wakati mtoto anayelijua bao amekwishajifunza nusu ya kazi ya ukaguzi.

Kijana wa Nanganga aliongeza mstari mmoja mwishoni mwa kila mzunguko: ubao na mikono miwili, jumla 64, la sivyo simama. Wakaanza upya. Programu ikasimama kete ilipopita kichwa, shimo la mwisho wa safu: badala ya kugeukia safu ya nyuma, ilitupwa kwenye shimo la tisa, ambalo safu ya bao haina.

"Hapo sasa," mzee akasema, akaomba simu waendelee.