Jina la Kanga kama Kitendawili cha Wanandoa

Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, alitia pia vitendawili. Tangu hapo tumezoea mno kuvihesabu kuwa mchezo wa watoto, na unyumba tukausahau. Huko mke hutega kimya. Jina la kanga, lililochapwa awali kwa hati ya Kiarabu na baadaye ya Kirumi, humtaka mume akisie: linamlenga yeye, wifi au jirani? Kwa kuwa mvaaji si mtunzi wa maneno hayo, aweza kuyakana akicheka, na ndiyo nguvu yake. Katika kitendawili, aliyeshindwa hudaiwa mji. Hapa mume hudaiwa kuuliza. Akiuliza, mazungumzo hufunguka. Akinyamaza, mzaha hugeuka shutuma, na kesho kanga ileile huvaliwa tena.