Sheria ya Kidole

Kusoma ni kazi ya akili. Jicho ni mtumishi wake, wala si mtumishi wa pekee. Jambo hili ni wazi, lakini wenye macho walichelewa kulitambua. Mwaka 1785 Valentin Haüy alifungua shule ya vipofu mjini Paris, akawapigia chapa vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Nia ilikuwa njema; ila herufi zile ziliumbwa kwa ajili ya jicho, na kidole kilizipapasa moja moja kwa taabu.

Louis Braille, aliyepofuka utotoni kwa kujichoma chuma katika karakana ya baba yake, alisoma katika shule hiyo. Alichukua mfumo wa Charles Barbier wenye nukta 12, akazipunguza zikawa 6, ili ncha ya kidole izitambue kwa mguso mmoja. Hayo yalikuwa mwaka 1824, naye ana umri wa miaka 15. Ufaransa iliukubali mfumo wake rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake.

Je, somo hilo lilikumbukwa? Katika miaka ya 1960 John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye binti yake alikuwa kipofu, aliunda na wenzake mashine ya Optacon, iliyouzwa tangu 1971. Mkono mmoja uliongoza kamera ndogo juu ya karatasi. Kidole cha mkono wa pili kilitulia juu ya pini 144 zilizotetema kwa umbo la herufi. Si haki kuidharau, maana kipofu aliweza kusoma barua yake mwenyewe bila kumwomba mtu. Lakini umbo lilikuwa lile lile la jicho, na mwendo ukawa wa polepole. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1996.

Njia ya pili ilimrudia Braille. Katika miaka ya 1970 mafundi walitumia vijiti ambavyo hupinda kidogo vikitiwa umeme, na kila kijiti kikainua nukta moja. Kompyuta ikaweza kuandika chini ya vidole, ikafuta, ikaandika tena. Walakini ilitoa mstari mmoja tu. Na jedwali, ramani au mchoro wa hesabu haukai katika mstari mmoja. Ndipo katika miaka ya 2020 ikaja Monarch, yenye mistari 10 na pini 3,840, iwezayo kuonyesha maandishi na michoro pamoja.

Wako wasemao kwamba sauti ya kompyuta yatosha, tena ni rahisi. Twajibu: sauti humpa mtu maneno, haimwonyeshi tahajia, wala haimpi ukurasa wa kurudia kimya kimya kwa hiari yake. Asikiaye tu husomewa, apapasaye husoma. Basi fundi mwenye macho na aanze kazi yake kwa kukiuliza kidole.