Farasi Mchanga na Safari Ndefu

Katika mambo ambayo mwanadamu amemwamulia mnyama bila ya kumshauri, moja ni siku ya kumtwika. Ng'ombe hutiwa nira, punda hupakiwa mzigo, na farasi hutandikwa, na kila mmoja wao huanza kazi siku ile bwana wake aonapo kwamba amekwisha komaa. Kwa kazi fupi, kosa katika hesabu hiyo huweza kusahihishwa kesho yake. Kwa safari ndefu haliwezi, maana njia ya maili 100 huupata mfupa usiokomaa popote ulipo. Tangu mabamba ya udongo ya Wahiti hata kanuni za siku hizi, historia ya safari za farasi yaweza kusomwa kama historia ya swali moja: ni nani apewe haki ya kusema kwamba farasi huyu yu tayari?

Mmoja wa waalimu wa kale kabisa ambao maandishi yao yamesalia ni Kikkuli wa nchi ya Mitanni, aliyefundisha farasi wa magari ya vita katika dola ya Wahiti zaidi ya miaka 1300 kabla ya Kristo. Mabamba yake yalifukuliwa Hattusa, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Ndani yake hamna masifu ya wafalme. Mna ratiba, siku baada ya siku, kwa muda wa siku zaidi ya 180: farasi akimbizwe umbali gani, aogeshwe mara ngapi, alishwe nini, na apumzishwe lini. Mbio zake ziliongezwa kwa kadiri, wala siku moja haikulazimishwa kufanya kazi ya siku kumi. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon wa Athens aliandika kitabu juu ya upandaji farasi. Alimtaka mnunuzi aanze kutazama kwato, kama vile mnunuzi wa nyumba atazamavyo msingi, na asisahau kuuliza umri wa mnyama kwa kumchungua meno.

Ushauri huo wa meno una maana kubwa kuliko ule wa soko. Farasi hubadili meno ya utotoni kwa zamu, na meno ya mbele yaliyo pembeni hutimia anapokaribia miaka 5. Ndipo wajuzi husema kwamba kinywa chake kimekamilika. Mifupa nayo hufuata mwendo unaokaribiana na huo. Karibu na ncha za mifupa ya mnyama anayekua mna tabaka za gegedu, ambazo hugeuka mfupa mgumu kwa zamu, zikianzia chini kuelekea juu. Zile za karibu na kwato hufunga mapema sana. Ile iliyo juu tu ya goti la mguu wa mbele hufunga karibu na miezi 24 hata 30. Na zile za uti wa mgongo, mahali hasa panapokaa tandiko na mtu, hungoja hata mwaka wa 5 au kupita. Basi mahali pa kubebea mzigo ndipo panapochelewa kuliko pote.

Hapa ndipo penye hadaa. Moyo na mapafu ya farasi huitikia mazoezi kwa wiki chache tu. Misuli hutaka miezi. Kano na mifupa hutaka mwaka mzima na zaidi. Farasi wa miaka 3, aliyezoezwa msimu mmoja, aweza kupanda kilima bila ya kuhema, akavuta hatamu akitaka kwenda mbele, na mtu akimtazama akaapa kwamba mnyama huyu amezaliwa kwa safari. Ushahidi wote uonekanao kwa macho humtetea. Usiotokea ni ule ulio ndani ya kano, nao hutolewa miezi au miaka baadaye, farasi aanzapo kuchechemea na bwana wake asijue alikosea siku gani. Aidha, farasi ni mnyama wa kundi na wa mbio. Aghalabu huficha maumivu, na palipo na wenziwe mbele yake huwafuata hata nguvu zimwishie. Hamu yake, kwa hiyo, si idhini.

Waswahili husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na yuko ambaye angetaka kuitumia methali hiyo hapa. Ni kweli kwa upande mmoja. Mwana wa farasi akifundishwa angali mdogo kufuata kamba, kuinua kwato, kusimama atulie, na kuvuka maji bila ya hofu, mafunzo hayo hukaa. Kadhalika, akiachwa akimbie malishoni pamoja na wenziwe, mifupa yake huimarika kuliko ya yule aliyefungiwa bandani. Lakini methali yasema juu ya kukunja, wala haisemi juu ya kutwika. Anayechanganya adabu na mzigo, akadhani kwamba kwa kuwa mtoto amejifunza kutii basi amekwisha weza kubeba, hutumia hekima ya wazee mahali isipokusudiwa.

Gharama ya kosa hilo la kuamini hamu ilionekana wazi mwezi wa Oktoba 1892. Maofisa wa Ujerumani waliondoka Berlin kwenda Vienna, na wenzao wa Austria na Hungaria wakaondoka Vienna kwenda Berlin, umbali wa kilomita karibu 580, kushindania wakati. Mshindi, Count Wilhelm Starhemberg, alitumia muda wa saa 71 na dakika kadha. Farasi wengi walikufa njiani au baada ya kufika, naye Lippspringe, farasi jike wa Mjerumani aliyetangulia wenziwe, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hao hawakuwa wanyama wa watu wajinga. Walipandwa na maofisa waliolelewa juu ya tandiko, ambao kila mmoja aliamini kwamba angejua mnyama wake amefika ukingoni. Ujuzi haukuwapungukia, kilichowapungukia ni mtu wa tatu, asiyetafuta ushindi, mwenye uwezo wa kusema basi.

Somo hilo lilipokewa polepole. Nchini Marekani, majaribio ya safari ndefu yaliyoanza mwaka 1919, ili kuchagua damu ya kuzalisha farasi wa jeshi, yaliweka hali ya mnyama baada ya safari katika hesabu ya maksi, badala ya kuhukumu kwa saa pekee. Miaka michache baadaye Aimé Tschiffely, mwalimu mzaliwa wa Uswisi, alitoka Buenos Aires mwaka 1925 na farasi wawili wa kienyeji, Mancha na Gato, akafika New York mwaka 1928, mwendo wa maili karibu 10,000. Farasi hao walikuwa wamepita umri wa miaka 14 walipoondoka, na wako waliomcheka kwa kuwachukua. Gato aliumia akaachwa Mexico, Mancha akaendelea. Baadaye wote wawili walirudi Argentina, wakaishi hata mwaka 1944 na 1947. Tschiffely hakushindana na mtu, akaweza kumsikiliza mnyama na kusimama alipotaka kusimamishwa.

Mwaka 1955 Wendell Robie na wenzake walipanda kutoka Tahoe City hata Auburn, California, maili 100 za milima, chini ya saa 24. Safari hiyo ikawa mashindano ya kila mwaka, Tevis Cup, na mfano kwa nchi nyingine. Daktari wa mifugo akapewa mahali njiani: farasi husimamishwa, hupimwa mapigo ya moyo, hutembezwa aonekane kama achechemea, na asiyefaa huondolewa hata kama mpandaji analia. Mapigo 64 kwa dakika ndicho kipimo kilichotumiwa sana. Tangu mwaka 1964 hutolewa pia kikombe cha farasi mwenye hali bora miongoni mwa 10 wa kwanza kufika. Umri nao ukatiwa katika sheria: Tevis hutaka farasi aliyetimiza miaka 6, na mashindano makuu ya ulimwengu yametaka asiyepungua 8.

Hata hivyo sheria ni ukuta, na ukuta hupandwa. Mwaka 1982 haukuwa mbali tangu mchezo huu uingie mikononi mwa shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, na ilipofika Machi 2015 shirikisho hilo lililazimika kusimamisha uanachama wa chama cha Falme za Kiarabu, kwa wasiwasi juu ya hali ya farasi katika mashindano ya huko. Palipo na zawadi kubwa na njia tambarare ya mchanga, mwendo huongezeka, na miguu iliyohesabiwa kuwa tayari kwa kilima huvunjika kwa kasi. Miaka 8 iliyoandikwa katika cheti haimlindi farasi aliyeanza kukimbizwa akiwa na miaka 3.

Kwa hiyo jibu la swali la kale halimo katika tarakimu peke yake. Umri ni mlango. Mazoezi ya misimu kadha ndiyo njia, kwanza maili chache kwa mwendo wa pole, kisha umbali, na kasi mwisho wa yote. Lakini juu ya umri na mazoezi yapo masharti ya hukumu yenyewe: anayesema kwamba farasi yu tayari asiwe yule atakayefaidika kwa kusema hivyo. Mpandaji asiye na daktari kando yake hana budi kuwa hakimu wa tamaa yake mwenyewe, na kumngoja mnyama mwaka mmoja zaidi. Mwaka huo huonekana mrefu kwa mtu. Kwa farasi aishiye miaka 25 na zaidi, ndio unaomnunulia ile 15 inayofuata.