Ng'ombe Wasionunuliwa kwa Pesa Chungu

Wapo wanaosema eti Wajaluo huuza mabinti zao. Lakini ukifuata hatua za ndoa ya zamani kule Homa Bay na Migori, utaona ng'ombe wa mahari hawakuwa bei. Walikuwa ushahidi, na ushahidi sharti uwe safi.

Mambo yalianza na jagam, yaani mshenga. Kazi yake haikuwa kusifu watu tu. Alipeleleza kama koo hizo mbili zina udugu, kama nyumba ile inasemwa kwa uchawi, kama kuna ugonjwa wa kurithi. Msichana naye alikuwa ameshaandaliwa katika siwindhe, nyumba ya bibi, ambako mabinti walilala na kufundwa. Simeon Ominde aliyaeleza malezi hayo kwenye kitabu chake cha 1952. Kabla yake, mwaka 1938, Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alikuwa amechapisha mila za Wajaluo kwa Dholuo chenyewe. Mboya alikuwa mtu wa kanisa la Waadventista, lililofika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, na bado aliona mila hizo zinafaa kuandikwa.

Baada ya mshenga ilikuja ayie. Neno lenyewe maana yake ni "nimekubali", na hupewa mama. Keny, yaani ng'ombe wa mahari, ni ya baba na ukoo. Ayie ni ya yule aliyebeba mimba na kulea. Asipokubali yeye, hamna safari.

Halafu kulikuwa na meko. Vijana wa upande wa bwana harusi walimvizia msichana na kumvuta, naye akalia na kupigana, hata kama moyoni alishakubali. Kilio kilikuwa heshima: binti wa watu haondoki kwao mbiombio kama aliyechoka kukaa. Ila tusipambe. Kilio cha mila na kilio cha kweli vinafanana, na si kila msichana aliyevutwa alikuwa anaigiza. Ndiyo maana Katiba ya 2010 inataka ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili.

Ng'ombe wenyewe hawakukaa zizini wakinenepa tu. Walioletwa kwa ajili ya dada ndio walimwolea kaka. Kwa hiyo ndoa moja ilishika nyingine mkono. Ikivunjika hii, ng'ombe wanadaiwa, na ile ya kaka inatikisika. Basi ukoo mzima ulikuwa na sababu ya kusuluhisha ugomvi wa wawili.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila shilingi iliruhusiwa kununua ng'ombe hao. Parker Shipton, mwanaanthropolojia, alilichunguza jambo hili na kulitolea kitabu mwaka 1989. Wajaluo walimwambia kuhusu pesa makech, pesa chungu: pesa ya kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi, hata jogoo wa boma. Ukiitoa mahari, waliamini, ng'ombe watakufa na nyumba haitasimama, mpaka pesa hiyo itakaswe. Kwa Migori hili si hadithi ya mbali. Dhahabu ya Macalder na mashamba ya tumbaku vimewalisha watu wengi. Lakini ardhi ni ya waliokufa na watakaozaliwa. Anayeiuza anakula peke yake kilicho cha wote. Mali ya namna hiyo itaungaje koo mbili?

Leo mahari nyingine hutumwa kwa simu, na simu haiulizi pesa imetoka wapi. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema sehemu kidogo tu ya mahari inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Wazee wengine hawatosheki. Mke akifariki kabla ya keny kutolewa, wakwe wanaweza kuzuia mazishi, na mume akahangaika kutafuta ng'ombe huku maiti iko mochari na watoto wanangoja kumzika mama yao.

Hapo ushahidi umegeuzwa kuwa deni. Jagam, ayie na keny vilikusudiwa kuuliza maswali mapema, mwanamke akiwa hai na akiweza kujibu. Ng'ombe wanaodaiwa mlangoni pa mochari hawashuhudii ndoa tena. Hao ndio walio karibu zaidi na kuwa bei.