Pasipoti ya Uingereza, Mlango Uliofungwa

Mtaa huu wa Biashara jijini Nairobi uliitwa Bazaar Street, na maduka yake mengi yalikuwa ya Wahindi. Baada ya uhuru walipewa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Maelfu walibaki na pasipoti ya Uingereza: jalada gumu la buluu, nembo ya dhahabu, imetolewa na ubalozi papa hapa Nairobi.

Sheria za Kenya za mwaka 1967 zikawabana wasio raia kwa vibali vya kazi na leseni. Familia za Parklands na Ngara zikafunga virago, zikaelekea uwanja wa ndege wa Embakasi, safari ya Uingereza.

Kwa siku 3 tu, Bunge la London likapitisha sheria ya kuwazuia. Ikaanza tarehe 1 Machi 1968. Mwenye mzazi, babu au bibi mzaliwa wa Uingereza aliingia bila kizuizi. Rangi haikutajwa, wala haikuhitaji kutajwa. Waliobaki walingojea vocha, mwanzoni 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa kaya. Mke kwa kawaida hakuhesabiwa mkuu wa kaya, hata pasipoti ikiwa yake na si ya mumewe.

Baadhi ya waliozuiwa walilalamika, na mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi uliwadhalilisha. Vocha zilifutwa mwaka 2002.