Unapofuta kiti cha ngozi cha gari, unafuta nini hasa?

Mwaka juzi mjomba wangu alipata gari lake la kwanza, mtumba wa Japani ulioshuka bandari ya Dar es Salaam ukiwa na viti vya ngozi rangi ya maziwa. Alilinunua kwa ajili ya biashara ya teksi za mtandaoni, na viti vile vilikuwa fahari yake. Baada ya miezi kadhaa ubavu wa kiti cha dereva ulianza kuwa wa kijivu, kiti cha nyuma kikapata kivuli cha buluu, naye akanipigia simu. "Mjomba, wewe si ndiye msomi wa kemia? Hivi viti nivifanyeje?"

Nilimjibu bila hata kufikiri. Ngozi inakauka, nikasema, inataka mafuta. Paka mafuta ya nazi kidogo kila wiki.

Akapaka. Viti vikang'aa siku mbili, halafu vikaanza kunata. Vumbi likaganda juu yake, na rangi ya maziwa ikawa rangi ya chai. Abiria mmoja aliyevaa suruali nyeupe akalalamika, kisha mwingine. Kijana wa kuosha magari akajaribu kuokoa jahazi kwa blichi, rangi ikabanduka vipande vipande. Mwishowe mjomba alimlipa fundi viti afunike vyote kwa reksini nyeusi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi mjomba, tumejifunza." Lakini ushauri ulitoka kwangu na hela zilitoka mfukoni kwake, kwa hiyo nilirudi kwenye vitabu kutafuta nilikosea wapi.

Nilichokuta ni hiki: ushauri wangu ungefaa sana kwa ngozi ya mwaka 1880. Tatizo ni kwamba kiti cha mjomba hakikuwa ngozi ya aina hiyo. Twende taratibu.

Ngozi nyeupe iliyoogopa maji

Ngozi ya mnyama imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ukiiacha mbichi inaoza, ukiikausha tu inakuwa ngumu kama ubao. Kusindika ngozi maana yake ni kuingiza kitu katikati ya zile nyuzi, kitakachozishika zisioze na zisigandamane.

Kwa karne nyingi njia kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni magamba ya miti. Magamba yana tanini, zile kemikali zinazokufanya ukunje uso unapokunywa chai kali isiyo na sukari. Ulaya walitumia zaidi mwaloni. Huku kwetu mti uliotumika sana ni muwati, ambao asili yake ni Australia. Ukipita Njombe utaiona miwati mingi mno, na haikuota yenyewe: kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa huko mwaka 1949 ili kupata tanini ya kuuzia viwanda vya ngozi. Ngozi ya tanini ni imara, lakini mara nyingi inatoka na rangi ya hudhurungi, na ile ya muwati huzidi kuwa nyekundu kadiri inavyopigwa na jua. Kupata kiti cheupe kwa njia hii si rahisi.

Njia ya pili ni shabu, hiyo hiyo unayoijua kwa kinyozi na kwenye kutuliza maji ya mtoni. Shabu, chumvi, unga na kiini cha yai vilitoa ngozi laini, nyeupe kweli kweli. Ilitumika kwa glavu na majalada ya vitabu. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiilowesha sana, shabu inatoka na maji, na ngozi inarudi kukaribia hali yake ya ngozi mbichi.

Kwa hiyo chaguo lilikuwa gumu. Ukitaka imara, uikubali ya hudhurungi. Ukitaka nyeupe, uiogopee maji.

Chuma kilichoshika kutu

Mkwamo huu ulifunguliwa New York, na chanzo chake ni vazi la kike. Wanawake wa karne ya 19 walivaa koseti, vazi la kubana kiuno lililotiwa mbavu za chuma. Mbavu hizo zilifunikwa kwa ngozi ya shabu, na chumvi za kwenye ngozi zikichanganyika na jasho zilikifanya chuma kishike kutu. Augustus Schultz hakuwa mtu wa ngozi. Alifanya kazi kwenye biashara ya rangi za nguo, na huko alijua kwamba chumvi za kromi hutumika kuishikiza rangi kwenye sufu. Alipoulizwa kama kuna dawa ya hizo mbavu, akajaribu kromi kwenye ngozi. Mwaka 1884 akapata hataza. Mwaka 1893 Martin Dennis, naye Mmarekani, akairahisisha kazi hiyo kutoka hatua mbili hadi moja.

Kromi ilibadilisha kila kitu. Kazi ya magamba ya miti ilichukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kromi ilimaliza kwa siku chache. Ngozi mbichi hujikunja ukiiweka kwenye maji ya nyuzi joto 65 hivi, lakini ngozi ya kromi iliyosindikwa vizuri huvumilia hata maji yanayochemka. Ikitoka kwenye pipa ina rangi ya buluu iliyofifia. Siku hizi viwanda vingi vya ngozi za magari vinatumia pia kemikali zisizo na kromi, kama glutaraldehaidi, ambazo huiacha ngozi karibu nyeupe.

Lakini "karibu nyeupe" si rangi ya maziwa. Hiyo inatoka kwingine.

Dereva kwenye ngozi, bosi kwenye sufu

Kabla ya kufika huko, turudi kwenye magari ya kwanza ya matajiri. Magari mengi yale yalifuata mtindo wa magari ya farasi: dereva alikaa mbele, mara nyingi bila paa, na mwenye gari alikaa nyuma ndani ya chumba kilichofungwa. Unadhani nani alikalia ngozi? Dereva! Ngozi ilikuwa kitu cha mtu anayenyeshewa mvua. Bosi alikalia kitambaa laini cha sufu. Hata leo Toyota Century, gari la viongozi na matajiri wa Japani, linajulikana kwa viti vyake vya sufu.

Ngozi ile ya dereva ilitunzwa kama hatamu na matandiko ya farasi, yaani kwa mafuta na nta. Ilikuwa na vinyweleo vilivyo wazi, ikinyeshewa inapoteza mafuta, ikikosa mafuta inapasuka. Mtu aliyekuwa anaipaka mafuta alikuwa anafanya kazi yenye maana. Ushauri wa "ngozi inataka mafuta" umetoka huko.

Utando

Sasa tufike kwenye hiyo rangi ya maziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilikuwa vimejifunza kutengeneza nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki. Ikitengenezwa namna moja ni baruti. Ikiyeyushwa na kuchanganywa na rangi na mafuta ya nyonyo, ni utando unaong'aa. Mwaka 1923 DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya magari ya nitroselulosi iitwayo Duco, iliyokauka haraka kuliko rangi zote za mafuta. Huko Hyde, karibu na Manchester, Uingereza, kampuni nyingine ilikuwa inapaka nitroselulosi juu ya kitambaa na kukigandamiza kipate mistari kama ya ngozi. Bidhaa hiyo waliiita Rexine. Ndiyo hiyo! Neno "reksini" analotumia fundi viti wa mtaani kwako ni jina la biashara lililosafiri kutoka Hyde.

Utando wa aina hiyo ukaanza kupuliziwa hata juu ya ngozi halisi. Faida zilikuwa wazi. Alama za kupe, za miiba na za chapa ya moto zilifichika, na viti vyote vya gari vikatoka rangi moja. Rangi nyeupe ya titani dioksidi, ambayo leo ipo kwenye rangi za ukuta na hata dawa za meno, iliingia sokoni kati ya miaka ya 1910 na 1920, na ikawezesha utando mweupe usiopitisha rangi ya chini. Baadaye nitroselulosi, iliyokuwa inapasuka ikizeeka, ikapisha akriliki na kisha poliyurethani, plastiki inayonyumbuka bila kukatika.

Kwa hiyo kiti cheupe cha kawaida cha leo, ukikikata na kukitazama kwa hadubini, utaona hivi: chini nyuzi za ngozi, juu yake tabaka la rangi, na juu kabisa utando mwangavu usio na rangi. Vyote viwili vya juu kwa pamoja huwa ni sehemu chache tu za mia za milimita. Viwango vya Ulaya vina mpaka wake: tabaka la juu likizidi milimita 0.15, bidhaa hairuhusiwi tena kuitwa "ngozi" bila maelezo ya ziada.

Hapo ndipo nilipokosea. Mafuta anayoyahitaji kolajeni yalishaingizwa kiwandani, ndani ya pipa, kabla utando haujapakwa. Mafuta ya nazi ya mjomba hayakuwa na pa kupita. Yalibaki juu yakakamata vumbi, mengine yakapenya kwenye mashimo ya sindano na nyufa ndogo, ndiyo yale madoa ya rangi ya chai.

Usidhani ni mimi peke yangu. Maktaba na makumbusho makubwa yalitumia sehemu kubwa ya karne ya 20 kupaka majalada ya vitabu vya kale michanganyiko ya mafuta ya sufu ya kondoo na nta. Baadaye wahifadhi walipochunguza, walikuta majalada yametiwa giza, mengine yananata, mengine yameota ukungu mweupe wa mafuta. Wengi wao wameacha. Na hao walikuwa na ngozi ya tanini kweli!

Basi ufanye nini?

Kwanza, jua una ngozi gani. Dondosha tone la maji sehemu iliyojificha. Likisimama kama shanga, una utando. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi yako iko wazi, na kila ninachosema hapa chini ukifanye kwa uangalifu mara mbili.

Kama una utando, adui zako ni wanne, na ukavu haumo.

Vumbi. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki. Kila unapokaa na kuinuka unapiga msasa. Ndiyo maana ubavu wa kiti cha dereva, upande wa mlango, huharibika kwanza. Ondoa vumbi kwa brashi laini kabla hujalowesha, la sivyo unalisugulia ndani.

Jasho na mafuta ya mwili. Haya hulainisha utando taratibu, hasa sehemu ya kuegemeza kichwa. Futa kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji isiyo kali. Kamua kitambaa vizuri, pangusa na kingine chenye maji safi, kisha kausha. Ukifanya hivi kila wiki mbili, huhitaji dawa kali.

Alkali na blichi. Ngozi iliyosindikwa ina asidi kidogo, pH yake ni kama 4 hivi. Sabuni ya kipande na ya unga ziko upande wa pili, 9 au 10. Blichi ni zaidi, tena inashambulia utando wenyewe. Hata sabuni za kale za matandiko ya farasi nyingi ni za alkali. Usiweke.

Rangi ya nguo. Kile kivuli cha buluu ni nili ya jinzi. Nili haiyeyuki kwenye maji, na kwenye jinzi imekaa nje tu ya uzi, ndani uzi ni mweupe. Ndiyo sababu jinzi hupauka magotini, na ndiyo sababu inahamia kwenye kiti. Khanga mpya nayo hutoa rangi. Doa la leo linatoka kwa kitambaa na sabuni laini. La miezi mitatu limeshaingia kwenye utando, na ukilisugua sana utatoka nalo pamoja na utando.

Kama viti bado ni vipya au vimesafishwa vizuri, kinachosaidia ni kuongeza tabaka jingine jembamba la kinga la kutumia maji, linalouzwa maalumu kwa ngozi yenye utando. Linachakaa lenyewe badala ya kiti, na unalirudia. Egesha kivulini, au weka kizuia jua kwenye kioo. Na utando ukishapasuka, hakuna mafuta ya kuurudisha: tafuta fundi anayepaka rangi ngozi upya, mapema, ufa ukiwa bado mdogo.

Nilimsomea mjomba rasimu ya makala hii mwezi uliopita, tumekaa kwenye zile reksini zake nyeusi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: chini ya reksini, zile ngozi za maziwa bado zipo? Nikamwambia zipo, fundi alifunika tu. Akanyamaza kidogo, akapapasa kiti. "Basi siku nikipata hela ya huyo fundi wa rangi," akasema, "tutazifunua. Ila wewe mjomba, usije na mafuta."