Tulichokiita pumba: Historia ya kinu, moshi na wali

Siku hizi mtu akisema yasiyo na mashiko, vijana humkata kauli kwa maneno mawili tu: "Acha pumba." Naye mhakiki hodari tunamsifu kwamba ametenga pumba na mchele. Katika semi zote mbili hukumu imekwisha kutolewa: mchele ndio mali, pumba ni za kutupia kuku. Leo naomba tuikatie rufaa hukumu hiyo. Ushahidi wangu ni wa historia, na pa kuuanzia ni Garsen, katika delta ya mto Tana, ambako mpunga ni zao la nyumbani wala si bidhaa ya dukani tu.

Tuanze na maneno yenyewe. Nafaka hii Kiswahili kimeipa majina matatu kwa kufuata safari yake. Shambani ni mpunga, kinuni hutoka mchele, sufuriani huiva wali. Wala si punje peke yake iliyopewa majina. Hata kinachotoka kwenye punje kilitofautishwa. Kapi ni lile ganda gumu la nje lisiloliwa na mtu. Wishwa ni ule ungaunga laini unaobanduka chini ya ganda punje inapoendelea kutwangwa. Mama aliyeshika mchi alizijua hatua hizo kwa mkono: kwanza makapi, kisha wishwa. Leo neno wishwa limebaki katika kamusi na vinywani mwa wazee wachache. Vyote viwili tumevitia katika kapu moja, tukaviita pumba.

Wapokomo wa Tana, ambao lugha yao na Kiswahili ni ndugu katika kundi moja la Kisabaki, wamelima tangu zamani kwa kuufuata mto. Maji yakipanda na kuacha tope, watu hupanda. Yakikawia, watu husubiri. Mpunga uliovunwa ulitwangwa kwa kinu cha mbao na mchi, na kinu hicho kilikuwa na sifa moja ambayo hatuikumbuki: mtwangaji huchoka. Hakuna mama atakayetwanga mpaka punje ing'ae kama lulu ilhali watoto wanasubiri chakula. Kwa hivyo mchele wa mkono ulibaki na sehemu ya wishwa wake, ukawa na rangi ya udongo kidogo. Uchovu wa mikono, kumbe, ulikuwa unailinda afya ya nyumba bila ya mtu kujua.

Kisha ukaja moshi. Mwaka 1891 meli ndogo iitwayo Kenia, mali ya kampuni ya Imperial British East Africa, iliupanda mto Tana ikiongozwa na nahodha Dundas. Ilikwenda kwa nguvu ya mvuke. Waswahili walipoviona vyombo vya namna hii hawakuviita kwa mvuke unaovisukuma, bali kwa kile kinachotoka juu: meli ya moshi, gari la moshi, kinu cha moshi. Msomaji anaweza kudhani huo ni upofu wa watu wasiojua mitambo. Mimi naona kinyume. Jina hilo limegusa kiini cha jambo, maana injini ya joto haiwezi kufanya kazi bila ya kupoteza.

Hili alilieleza Mfaransa Sadi Carnot katika kitabu alichokitoa mwaka 1824. Joto, alisema, hutoa kazi pale tu linaposhuka kutoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, mfano wa maji yanayogeuza gurudumu kwa kuwa yanateremka. Palipo na joto la kiwango kimoja tu pande zote, hapana kazi. Na sehemu fulani ya joto lazima itupwe upande wa baridi, hata injini iundwe kwa ustadi gani. Chukua tangi lenye mvuke wa nyuzi 170 za Selsiasi, na mvuke uliokwisha kutumika ukitoka na nyuzi 100. Ukihesabu kuanzia sifuri kamili, ambayo iko nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea, tofauti ya nyuzi 70 ikigawanywa kwa 443 inatoa kama asilimia 16. Hicho ndicho kilele. Injini halisi hupata chini ya hapo. Kwa hiyo kuni nyingi za meli ya namna ile zilipotea hewani. Aliyeiita meli ya moshi hakukosea sana.

Mitambo hiyo hiyo ya mvuke ilikuwa imekwisha kuingia katika vinu vya mpunga huko Asia, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kinu cha moshi hakichoki. Kiliondoa makapi, kikaendelea kuondoa wishwa, kikaung'arisha mchele mpaka ukawa mweupe pepepe. Mchele huo haukuharibika upesi ghalani, ulisafiri vizuri melini, na walaji waliupenda. Ndipo ugonjwa uitwao beriberi ukashika kasi magerezani, kambini na melini: miguu hufa ganzi, mwili huvimba, moyo hushindwa.

Katika kisiwa cha Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara yake wakipooza miguu. Walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya kijeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa jeshi. Wakarudishiwa mchele wa kawaida, wakapona. Mwenzake, Adolphe Vorderman, alichunguza magereza 101 ya Java yenye wafungwa wapatao 280,000, na ripoti yake ikatoka mwaka 1897. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa mmoja kati ya 39 aliugua beriberi. Palipoliwa mchele wenye wishwa, aliugua mmoja tu kati ya 10,000.

Dawa ilikuwa katika pumba! Mwaka 1912 Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, alilibuni neno ambalo leo tunaliandika vitamini, na mwaka 1926 wanasayansi wawili, Jansen na Donath, wakaipata katika pumba za mchele, huko huko Java, ile tunayoiita vitamini B1 au thiamini. Gramu 100 za mchele usiong'arishwa zina takriban miligramu 0.4 za thiamini. Mchele mweupe una kama 0.07. Mtu mzima huhitaji kiasi cha miligramu 1.2 kwa siku, na akiba iliyomo mwilini haimfikishi mbali. Ni majuma machache tu.

Mwaka ule ule wa 1897, kule Augsburg, Ujerumani, Rudolf Diesel aliijaribu injini yake iliyogeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Jina lake likaingia katika Kiswahili likawa dizeli, na injini yake ikafika vijijini ambako kinu cha mvuke kisingefika. Kenya tuna kisiagi cha mahindi, na kwenye mpunga tuna mashine ya kukoboa. Sitaki kuibeza mashine hiyo. Iliwatua wanawake mzigo wa mchi uliokuwa ukila saa zao kila siku, na sioni sababu ya kutamani mchi urudi. Ninachosema ni kwamba mashine iliondoa uchovu, na uchovu ndio uliokuwa mpaka. Sasa mpaka lazima tuuweke sisi wenyewe kwa akili.

Hapa lugha inatukwaza tena. Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Wali umewekwa katika kundi la nguvu, na watu husema mwili "unachoma" chakula kama injini inavyochoma dizeli. Hebu tuupime mfano huu kwa hesabu ya Carnot. Mwili una nyuzi 37. Mchana wa jua kali Garsen, kivulini panaweza kufika nyuzi 34. Tofauti ni nyuzi 3; gawanya kwa 310, unapata asilimia 1. Kama mkulima angekuwa injini ya joto, asingeweza hata kuinua jembe. Lakini analima, na misuli yake hugeuza kiasi cha asilimia 20 hadi 25 ya nishati ya chakula kuwa kazi. Mwili, basi, si injini ya joto. Haupati kazi kwa kuteremsha joto. Unaipata kwa kukivunja chakula hatua kwa hatua, kemikali baada ya kemikali, na joto ni masalio tu.

Katika hatua hizo ndipo vitamini B zinaposhika zamu. Thiamini huisaidia sukari iliyovunjwa nusu kuvuka mlango wa kuingia hatua inayofuata. Ikikosekana, sukari hukwama mlangoni, na neva na moyo, ambavyo havipumziki, huumia mwanzo. Vitamini B2 na B3 hupokezana elektroni mfano wa watu wanaopitishiana ndoo za maji. Kwa hiyo wanga usio na vitamini B ni nguvu ya jina tu. Tumekuwa tukiwafunza watoto kwamba kutia nguvu ni kundi moja na kulinda mwili ni jingine, ilhali moja bila ya jingine haifanyi kazi.

Wazee wetu wa Pwani hawakuijua thiamini, lakini walikuwa na neno: kitoweo. Wali mtupu haukuhesabiwa mlo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wa samli pamoja na sahani za nyama, kuku, samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Tana nayo ina kitoweo chake: samaki wa mtoni wa Mpokomo, maziwa ya ng'ombe wa Morma, kunde. Maziwa yana B2 nyingi, kunde zina thiamini, na B12, ambayo mimea haiitengenezi, hutoka kwa samaki, maziwa na nyama. Mkulima na mfugaji, ambao magazeti huwataja zaidi wanapogombania maji na malisho, katika sahani wanakamilishana.

Wala usidhani beriberi ni hadithi ya karne ya 19. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, mji ule ule wa wali wa Ibn Battuta, walivimba miguu wakaugua, na wanne wakafa. Baadhi walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Hakukuonekana sumu wala vijidudu. Walioathirika zaidi ni wale waliokula chakula cha kambi tu bila ya kuongeza chakula cha wenyeji. Walipopewa thiamini wakapata nafuu haraka. Waliokosa, kwa maneno mengine, ni kitoweo.

Ndiyo sababu nasema jambo hili lina uzito kwa Garsen. Mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA katika delta uliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyobomoa matuta yake. Ukame wa 2020 hadi 2022 uliua mifugo, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yakazamisha mashamba na makazi. Katika kila balaa kinachopotea kwanza ni kitoweo: maziwa, samaki, kunde. Kinachobaki ni gunia la msaada, na ndani yake mara nyingi mna mchele mweupe au unga. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa pakiti wautie vitamini, zikiwamo za kundi B, lakini kisiagi cha kijijini kinachosaga debe la mama mmoja mmoja hakimo katika mpango huo.

Tufanyeje? Mchele uliochemshwa ungali katika ganda kabla ya kukobolewa, kama wafanyavyo Wahindi wengi tangu kale, hubaki na thiamini nyingi kwa kuwa maji na mvuke huisukuma ndani ya punje. Mwenye mashine anaweza kuombwa asiupitishe mpunga mara nyingi. Anayegawa msaada anaweza kutia kunde katika hesabu ya chakula, asizihesabu kuwa anasa. Nasi tunaofundisha lugha tuna sehemu yetu. Sokoni mchele mweupe husifiwa kuwa "safi", kana kwamba kilichoondolewa kilikuwa uchafu. Tulifufue neno wishwa, tulitofautishe na makapi darasani na katika vitabu vya kiada, mtoto ajue kwamba katika vile vinavyopepetwa kuna cha kutupa na kuna cha kula.